Siku ya Tatu Mpe Jembe: Maoni Kuhusu Mwanafunzi Anayehamia Idara Zetu za Kiswahili

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkemea mgeni. Tunapoitamka, huwa tunamjuza kwamba muda wa kukirimiwa umekwisha na sasa ajitegemee. Hata hivyo, tukiichunguza sarufi yake kama tunavyofundishwa madarasani, tutagundua kwamba kitenzi chake kinamwamuru mwenyeji. Anayetakiwa kutoa jembe ni mwenye nyumba. Ndiye alihifadhiye, ndiye ajuaye mpaka wa shamba ulipo, na ndiye ajuaye msimu huu kinapandwa nini. Mgeni ambaye hajapewa jembe hawezi kulaumiwa kwa kuketi kivulini.

Makala haya yanamhusu mgeni wa aina moja ambaye majarida yetu hayajamjadili vya kutosha, yaani mwanafunzi anayehama chuo kikuu kimoja na kujiunga na kingine kabla hajahitimu. Dai langu ni kwamba idara zetu za Kiswahili, pamoja na vyama vyetu vya wanafunzi, humpokea mgeni huyu kwa bashasha lakini hazimpi jembe. Kozi alizosoma hutiliwa shaka, istilahi alizozizoea huonekana kuwa makosa, na lafudhi yake hufanywa kichekesho. Matokeo yake ni kwamba yeye hupoteza mihula na karo, nasi tunapoteza maarifa ambayo angetuletea. Ninashikilia kwamba kati ya idara zote za chuo kikuu, idara ya Kiswahili ndiyo iliyo na sababu nyingi zaidi za kumpokea vyema, na ndiyo iliyo na aibu kubwa zaidi inaposhindwa kufanya hivyo.

Pengine msomaji atauliza kama suala hili lina uzito wa kustahili kurasa za jarida. Ili kulijibu swali hilo, ni vyema tutazame jinsi ramani ya vyuo vikuu ilivyobadilika. Hapa Wote, ninakoiandikia tasnifu yangu, mabadiliko hayo yanaonekana dhahiri. Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka wa 1992. Katika miaka hiyo, mzazi wa hapa aliyebahatika kuwa na mtoto katika chuo kikuu cha umma alimsindikiza hadi kwenye basi la Nairobi, na kutoka huko mtoto akaendelea na safari hadi Njoro, Eldoret au Maseno. Mwaka wa 2008 kilianzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha South Eastern, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, katika eneo la Kwa Vonza huko Kitui. Mnamo Machi 2013 chuo hicho kilipata hati ya kujitegemea, kikaitwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, na kikafungua kampasi katika miji kadhaa ukiwemo huu wa Wote. Chuo Kikuu cha Machakos nacho kilipata hati yake mwaka wa 2016. Vivyo hivyo, katika sehemu nyingine za nchi, vyuo vishiriki vingi vilipandishwa hadhi katika kipindi hicho.

Vyuo vilipowakaribia watu, watu nao walianza kupiga hesabu upya. Mwanafunzi anayesoma mbali hulipia chumba, chakula na nauli. Msimu ambao mvua imekosa, ndengu zikanyauka shambani na maembe yakauzwa kwa bei ya kutupa, hesabu hiyo hukataa. Hapo ndipo mzazi anapomwuliza mwanawe kama hawezi kuja kumalizia masomo karibu na nyumbani. Wapo pia wanaohama kwa sababu ya ugonjwa, ndoa, kazi, au ulezi wa mzazi mzee. Wapo walioteuliwa kusomea kozi wasiyoitaka, wakatumia fursa ya kuhama ambayo shirika la KUCCPS huwapa wanafunzi wapya. Shirika hilo liliundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 ili lirithi kazi iliyokuwa ikifanywa na Bodi ya Pamoja ya Usajili.

Isitoshe, wapo wanaohamishwa bila hiari yao. Mnamo Januari 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge kampasi zake kumi. Mwezi uliofuata, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilifuta kibali cha kampasi ya Songea ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, na wanafunzi wake wakalazimika kuhamishiwa vyuo vingine. Wanafunzi kama hao hawakutoroka mtihani wala hawakufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Walilala wakiwa wenyeji na kuamka wakiwa wageni. Kwa hivyo, anayedhani kwamba kuhama ni tabia ya wachache wasiotulia hajatazama mambo kwa undani.

Sasa na tuyatazame matatizo yenyewe. La kwanza ni la kozi. Mwanafunzi huwasili na hati ya matokeo inayoonyesha kwamba alifaulu kozi iitwayo Utangulizi wa Fasihi Simulizi. Katika chuo kipya hakuna kozi ya jina hilo. Iliyopo ni Fasihi Simulizi ya Kiafrika, na nambari yake ni ya mwaka wa pili. Karani hutazama jina, hutazama nambari, kisha huamua kwamba hizo ni kozi mbili tofauti. Mwanafunzi huambiwa arudie. Hurudia tanzu zile zile, vipera vile vile, na mara nyingine kitabu kile kile cha kiada, huku akilipa karo upya. Nilihama chuo nikiwa katika shahada ya kwanza, kati ya vyuo viwili vilivyo mbali na Ukambani, na nikarudia kozi mbili za namna hiyo. Kilichoniumiza zaidi ya karo ni kwamba uamuzi ulifika muhula ukiwa umefikia katikati, baada ya majaribio ya kwanza kufanywa. Tangu wakati huo nimezungumza na wahamiaji wengi, na takriban kila mmoja ana kisa kinachofanana na hicho.

Tatizo la pili ni la istilahi, na hili ni letu sisi watu wa Kiswahili kuliko watu wa idara nyingine. Mwanafunzi wa hisabati akihama, alama ya kujumlisha humfuata kule aendako. Mwanafunzi wa Kiswahili akihama, huenda akakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Alikotoka, ngeli zilitajwa kwa nambari au kwa viambishi vya nomino, akazoea kusema ngeli ya kwanza na ya pili, au M-WA. Anakofika, ngeli hutajwa kwa upatanisho wa kisarufi, nayo ile ile huitwa A-WA. Alizoea kusema sitiari, sasa anasikia istiara. Alizoea takriri, sasa anasikia uradidi. Alichokiita tashihisi kinaitwa uhaishaji. Alifundishwa kuhakiki kazi ya fasihi kwa kuigawa katika fani na maudhui, na sasa anatakiwa ataje nadharia kwanza ndipo aseme lolote. Hata katika ushairi, ambao ndio fahari yetu, mwanafunzi aliyelelewa katika chuo kinachoheshimu vina na mizani huweza kuhamia chuo ambako shairi huru ndilo linalopewa nafasi ya mbele. Mjadala uliochochewa na diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, iliyotoka mwaka wa 1974, bado una makovu katika mitaala yetu. Mhamiaji huyaona makovu hayo kwa uwazi kuliko yeyote kati yetu.

Tofauti hizi peke yake hazina ubaya wowote. Zinaonyesha kwamba taaluma yetu ni hai na ina mapokeo mengi. Ubaya huzuka pale mhadhiri anaposahihisha karatasi ya mtihani na kukata alama kwa sababu mwanafunzi ametumia istilahi ya chuo kingine. Mwanafunzi anayeandika istiara mahali pa sitiari anaijua dhana. Kumnyima alama ni kumwadhibu kwa sababu alifundishwa na mwalimu mwingine.

Tatizo la tatu ni la mahusiano. Darasa la mwaka wa tatu huwa limekwisha kuwa ukoo. Makundi ya kujadiliana yalikwisha kuundwa, viongozi wa chama walikwisha kuchaguliwa, na wahadhiri wanawajua wanafunzi kwa majina. Mhamiaji hukaa nyuma. Akitaka barua ya kumpendekeza kwa mfadhili, hana mhadhiri anayemfahamu kwa zaidi ya miezi minne. Akifungua kinywa, lafudhi yake humtangulia. Mkamba anayehamia chuo cha Pwani huchekwa. Mpwani anayehamia Ukambani huambiwa kwamba anajidai kwa kuwa Kiswahili ni chake. Inasikitisha kwamba kicheko hiki hutokea katika darasa ambalo saa moja awali lilikuwa likijifunza isimujamii na kunukuu kwamba hakuna lafudhi iliyo bora kuliko nyingine.

Nimesema kwamba idara ya Kiswahili ina sababu nyingi za kumpokea mhamiaji. Ya kwanza imo katika historia ya taaluma yenyewe. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa ili kukisanifisha Kiswahili, ilianza kazi mjini Dar es Salaam mwaka wa 1930. Mwaka wa 1942 ilihamia Nairobi. Mwaka wa 1952 ilihamia Makerere, nchini Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilihamia Mombasa, na haikukaa sana kabla ya kurejea Dar es Salaam, ambako mwaka wa 1964 iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Taasisi hiyo ndiyo iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka wa 1981, na mwaka wa 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Tuihesabu safari hiyo. Katika muda wa takriban miaka 35, chombo kilichobeba usanifishaji wa lugha yetu kilihama mara nne na kuvuka mipaka ya nchi tatu. Kilihama na majalada yake. Kilipofika Nairobi hakikuambiwa kianze upya kusanifisha maneno kilichoyasanifisha Dar es Salaam. Kilipofika Makerere, kamusi za mwaka wa 1939 hazikutupwa kwa sababu zilitungwa mahali pengine. Lau kila kituo kingekidai chombo hicho kirudie kazi ya kituo kilichotangulia, hadi leo tungekuwa tunabishana kuhusu tahajia. Sisi tulio warithi wa kazi hiyo tunamdai mwanafunzi mmoja, mwenye sanduku moja na hati moja ya matokeo, jambo ambalo hatukuidai Kamati.

Sababu ya pili imo katika historia ya vyuo vikuu vyetu. Kati ya mwaka wa 1963 na mwaka wa 1970, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu vishiriki vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya taaluma ziligawanywa. Mwanzoni, udaktari ulisomewa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Kuvuka mpaka ili kusoma lilikuwa jambo la kawaida. Dakta Willy Mutunga, aliyezaliwa Kitui na baadaye akawa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka wa 2011 hadi mwaka wa 2016, alikwenda Dar es Salaam kusomea shahada yake ya kwanza ya sheria. Chuo hicho kikuu kilipovunjwa mwaka wa 1970, kila nchi ilijijengea nyumba yake, na tangu hapo kila nyumba imekuwa ikijiongezea ukuta. Leo ukuta huo hauko baina ya nchi na nchi tu. Upo baina ya vyuo viwili vinavyotenganishwa na mwendo wa saa mbili kwa matatu.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitambua hasara ya kuta hizi. Mnamo Mei 2017 waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, likapewa jukumu la kuoanisha viwango. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini tangazo la marais halimsaidii mwanafunzi anayesimama mbele ya karani akiulizwa kwa nini nambari ya kozi yake inaanza na herufi tofauti. Kati ya tangazo na dirisha la karani kuna pengo, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na mtu mwingine isipokuwa idara yenyewe.

Sababu ya tatu ninaipata katika ardhi ninayoikanyaga. Makueni kwa sehemu kubwa ni nchi ya wahamiaji. Katika miaka ya 1940, wakati vilima vya Machakos vilipokuwa vimejaa watu na udongo wake kumomonyoka, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa makazi hapa Makueni. Vichaka vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na familia kutoka vilimani zikateremka kuja kuanza maisha mapya katika nchi kavu. Walioteremka hawakuja mikono mitupu. Walikuja na desturi ya mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaolimiana na kujengeana kwa zamu. Matuta yanayozuia mmomonyoko katika mashamba mengi ya Ukambani yalichimbwa na vikundi vya namna hiyo. Katika mwethya, hauulizwi ulihamia lini. Unaulizwa kama umekuja na jembe, na kama huna, unaazimwa. Siku ya zamu yako ikifika, wote huja kwako.

Sisemi kwamba desturi hiyo ilikuwa kamilifu, wala kwamba wahamiaji wale hawakutaabika. Nasema kwamba watu wasiokuwa na shahada walitambua kwamba mgeni aliyeazimwa jembe leo ni jirani atakayekulimia kesho. Inatuwia vigumu vipi sisi wenye shahada kulitambua?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni ya ubora. Mhadhiri atauliza atajuaje kwamba kozi iliyosomwa kwingine ilifundishwa kikamilifu. Swali hili ni la haki, na silipuuzi. Mwanafunzi ambaye hakusoma fonolojia hawezi kuruhusiwa kusoma mofofonolojia kwa sababu tu ya huruma. Atateseka, na darasa litateseka naye. Kanuni za vyuo vyetu zinakubali uhamisho wa kozi na kuuwekea kikomo, na kikomo hicho kina maana, kwa kuwa chuo kinachotoa shahada lazima kiwe kimemfundisha mwenye shahada hiyo sehemu kubwa ya alichokijua. Ninachokipinga ni namna ya kupima. Jina la kozi na nambari yake si kipimo cha ubora. Kipimo ni muhtasari wa kozi, orodha ya vitabu vilivyosomwa, na maswali ya mtihani uliofanywa. Mhadhiri wa fasihi simulizi akipewa karatasi hizo tatu, nusu saa inamtosha kuamua. Akiwa bado na shaka, amwite mwanafunzi na kumhoji. Njia hiyo inalinda ubora kuliko ile ya karani, kwa maana njia ya karani inaweza pia kukubali kozi dhaifu kwa sababu tu jina lake limesadifu.

Pingamizi ya pili ni kwamba mhamiaji ndiye anayepaswa kubadilika. Watasema kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hii imetumiwa vibaya mno. Mwanafunzi anayelivunja jicho lake ili afanane na darasa hawezi tena kutuonyesha tusichokiona. Na yapo mengi tusiyoyaona. Mwanafunzi aliyetoka Pwani na kuhamia Ukambani husikia mara moja jinsi irabu saba za Kikamba zinavyoathiri irabu tano za Kiswahili vinywani mwa wenzake, jambo ambalo wenyeji hawalisikii kwa kuwa wamelizoea. Mwanafunzi aliyesoma nadharia kwanza huweza kumwuliza mwenye fani na maudhui maswali ambayo yatamwamsha, na kinyume chake. Kila mhamiaji ni utafiti linganishi unaotembea kwa miguu yake. Tunawatuma watafiti mbali kutafuta data ya namna hii, ilhali imeketi kiti cha nyuma bila kuulizwa.

Hata hivyo, mhamiaji naye ana wajibu wake. Achukue na kuhifadhi mihtasari ya kozi zote alizosoma kabla hajafunga sanduku, kwa kuwa baada ya kuondoka huwa vigumu kuipata. Aulize mapema, na aulize kwa maandishi. Ajifunze istilahi za chuo kipya hata kama anaziona kuwa duni, kwa sababu mtihani utatungwa kwa istilahi hizo. Na ajizuie kuanza kila mchango darasani kwa maneno “kule tulikotoka”. Maneno hayo, yakirudiwa mara kumi kwa wiki, humchosha hata mwenyeji mwenye moyo wa subira. Wajibu huu ni mzito, lakini unawezekana tu pale mwenyeji anapotimiza wake.

Kwa mintarafu hiyo, ningependa kutoa mapendekezo manne ambayo utekelezaji wake hauhitaji fedha nyingi wala amri kutoka juu.

Kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vya eneo moja zikutane na kutengeneza jedwali la ulinganifu wa kozi za msingi. Kozi hizi si nyingi: fonetiki na fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, isimujamii, historia ya Kiswahili, fasihi simulizi, ushairi, riwaya, tamthilia na nadharia za uhakiki. Wahadhiri wachache wakikaa kwa siku mbili wanaweza kukubaliana ni maudhui yapi yanayotosha ili kozi ya chuo kimoja ihesabiwe katika kingine. Eneo la Ukambani lina vyuo vya kutosha kuanza, na jedwali hilo likifaulu hapa linaweza kupelekwa mbele ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar.

Pili, uamuzi kuhusu kozi za mhamiaji utolewe kwa maandishi kabla ya muhula kuanza, nao ueleze sababu. Kozi ikikataliwa, mwanafunzi ajue imekataliwa kwa kukosa nini. Uamuzi wa mdomo unaotolewa wiki ya saba ni adhabu, hata kama aliyeutoa hakukusudia kumwadhibu mtu.

Tatu, chama chetu kitayarishe faharasa fupi ya istilahi zinazotofautiana kutoka chuo hadi chuo, na kila mwanafunzi mpya apewe nakala. Tayari tuna misingi mizuri ya kujengea. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka wa 1990, na Profesa Kyallo Wadi Wamitila alitoa Kamusi ya Fasihi mwaka wa 2003. Kazi inayobaki ni kuweka istilahi za vyuo vyetu ubavu kwa ubavu. Na wahadhiri wetu watangaze wazi kwamba istilahi yoyote iliyokubalika katika maandishi ya kitaaluma haitakatwa alama katika mtihani, mradi mwanafunzi ameitumia kwa uthabiti.

Nne, kila mhamiaji apewe mwenzi wa kumwongoza kwa muhula mmoja, naye apewe kazi. Ninasisitiza neno kazi. Tusimkaribishe kwa soda na hotuba kisha tukamwacha. Katika muhula wake wa kwanza, aombwe awasilishe mada mbele ya chama: namna ushairi unavyofundishwa alikotoka, au vitendawili vya kwao, au tofauti alizozisikia katika lugha ya mji mpya. CHAWAKAMA imekuwa ikiwakutanisha wanafunzi wa Kiswahili wa nchi mbalimbali za Afrika Mashariki katika makongamano yake, na wanaohudhuria hurudi wakisifu jinsi walivyofunzwa na wageni. Hakuna sababu ya kuyangoja makongamano hayo ilhali mgeni yuko darasani mwetu kila Jumatatu.

Jina la mji huu, bila kudai kwamba ndiyo asili yake, hulingana na neno ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili analijua. Wote ni wote: aliyezaliwa hapa, aliyeteremka kutoka vilimani, na aliyeshuka kwenye basi jana na sanduku lake. Lugha yetu ilikua kwa kuwapokea watu wa namna hiyo bandarini, njiani na sokoni. Haikumwuliza mtu amesoma nambari ipi ya kozi. Ilimpa maneno, ikachukua ya kwake, na pande zote mbili zikatajirika.

Muhula mpya utakapoanza, watakuwepo baadhi watakaofika katika idara zetu wakiwa na hati za matokeo za vyuo vingine mikononi. Ninawaomba wakuu wa idara wawasomee mihtasari yao kabla ya kusoma nambari. Ninawaomba wahadhiri wawaulize wanaita nini kile sisi tunachokiita hivi. Nanyi wanafunzi wenzangu, msogeze kiti mbele, mwandike jina la mgeni katika orodha ya watakaowasilisha mada, na mmwambie tarehe yake.